Uso unaogeuzwa na mwanga: zinki, titani au azobenzini?

Fundi_Silikoni: Wakuu, nina vibao vya silikoni vyenye nguzo ndogondogo za maikromita. Nataka tone la maji libiringike kwenye giza, nikimulika lishike. Nipake nini juu?

MamaKemia: Oksidi ya zinki, bila kusita. Mwaka 2004 kundi la Lei Jiang kule Beijing liliotesha vijiti vyake vya nano: pembe ya mguso (ile ukingo wa tone unayofanya na uso; ikiwa kubwa, uso unakataa maji) ilikuwa digrii 161, wakamulika urujuanimno saa mbili, ikashuka chini ya 5. Tone linatandazika kabisa! Kurudi ndiko kugumu, ilibidi vikae gizani siku 7 hadi oksijeni irudi kwenye nafasi zilizokaliwa na maji.

Juma_Optiki: Siku 7 kwa swichi ni nyingi mno. Titani dioksidi nayo ina ugonjwa huohuo. Ni nzuri kwa vioo vinavyojisafisha, kwa sababu inaunguza uchafu, lakini usithubutu kuipaka rangi ya kikaboni juu. Rangi hiyo italiwa taratibu hadi iishe.

Nuru77: Mimi niko na azobenzini. Molekuli imenyooka, ukiipiga mwanga wa nanomita 365 inajikunja, ukiipiga wa buluu inanyooka tena. Unaiamuru kwenda na kurudi. Ichimura na wenzake Japani walisogeza tone la mafuta ya zeituni hivyo mwaka 2000. Kasoro yake, kwenye uso bapa pembe hubadilika kidogo tu, kwa hiyo zile nguzo zako ndizo zitakazoikuza.

MamaKemia: Hapo kwenye nguzo tuwe makini. Tone linalokaa juu ya hewa iliyonaswa kati ya nguzo likishazama katikati ya nguzo, halipandi lenyewe hata uso ukirudi kukataa maji. Fundi, unataka kuliachia tone lilelile, au unakausha na kuweka jipya?

Fundi_Silikoni: Lilelile, dada.

MamaKemia: Basi zinki naiondoa mwenyewe, maana tone litazama na kukwama. Tazama spiropirani, molekuli nyingine inayogeuzwa na mwanga, kwenye nyuzi za nano za silikoni, kazi ya Arizona ya 2004. Pembe ya kusonga mbele (ukingo wa tone unapotanuka) chini ya urujuanimno ilikuwa ndogo kuliko pembe ya kurudi nyuma (ukingo unaponywea) chini ya mwanga wa kawaida. Sharti hilo likitimia, maji yanasogezwa kwa mwanga peke yake.

Nuru77: Kweli kabisa. Fundi, pima pembe zote mbili, ya kwenda na ya kurudi, kabla hujanunua kemikali yoyote. Ile ya tone lililotulia haitakuonyesha kama litakwama.