Urani ikiingia kwenye damu inashikwa na nani? Mwanafunzi kanibana

Mwalimu_Isevya:
Mwangaluka wakuu. Nafundisha kemia kidato cha tano na sita hapa Tabora mjini. Juzi kwenye jaribio niliuliza urani ikishaingia kwenye damu inasafirije. Jibu langu la kusahihishia lilikuwa "inaelea yenyewe kama sodiamu". Kijana mmoja wa Manyoni (kule urani ilitafutwa, kwa hiyo kwao habari hizi zinaongelewa hadi vijiweni kwenye kahawa) akaandika "inabebwa na protini inayobeba chuma". Nikajua kachanganya na hemoglobini, nikamchapa kosa kwa wino mwekundu. Jana kaja ofisini, shikamoo ya adabu kabisa, kisha akatoa karatasi mfukoni: "Mwalimu, naomba tusome wote." Tumesoma. Nimebaki nakuna kichwa. Ni protini ipi hasa, na kwa nini impokee mgeni? Nataka kumjibu Jumatatu kabla ya paredi.

Mama_Slaidi:
Shikamoo ya kijana naipokea mimi, maana huyo kakushinda, mwalimu wangu. Niko maabara mwaka wa kumi na tisa sasa. Hemoglobini iweke pembeni. Anayosema ni transferini, inayozunguka kwenye maji ya damu ikisambaza chuma. Ina viti viwili vya chuma, na kwa mtu mzima mwenye afya ni kama theluthi moja tu ya viti vyote vyenye abiria. Treni ya Kigoma ingekuwa hivyo tungelala tumenyooka! Mgeni akikuta kiti wazi anakaa. Chuma kinashikwa kwa nguvu zaidi, ila viti vitupu ni vingi.

Sasa umbo lake. Damuni urani haitembei uchi, inakuwa uranili: atomu ya urani katikati, oksijeni moja huku na nyingine kule, zimenyooka mstari mmoja. Mfikirie mbeba maji wa mzegamzega, ndoo mbele na ndoo nyuma. Ukitaka kumkumbatia humpati kwa mbele wala kwa nyuma, unampata kiunoni. Ndivyo protini zinavyofanya: zinamzunguka kiuno kwa vikundi vyenye oksijeni. Kaboksili za aspateti na glutameti, tairosini (hizi tatu ni asidi amino, matofali ya protini), na zaidi ya zote fosfeti. Protini iliyobandikwa fosfeti nyingi huing'ang'ania kama ulimbo.

Transferini hayuko peke yake. Albumini nayo inashika, kwa ulegevu lakini ipo tele. Na kuna fetuini A, inatengenezwa na ini, kazi yake kuzuia kalsiamu isigande ovyo mwilini. Majaribio ya maabara yaliyochapishwa 2013 yalionyesha hiyo inaikaba urani kuliko hao wawili. Sehemu nyingine kubwa haishikwi na protini yoyote, inakwenda na bikaboneti iliyomo damuni.

Mzee_wa_Nzega:
Binti yangu, huku kwetu kwenye dhahabu tunaambiwa zebaki inapenda salfa. Hii nayo vipi? Halafu nijibu la maana: maji ya kisima yakiwa nayo, nikichemsha inatoka?

Mama_Slaidi:
Shikamoo mzee. Zebaki ni mpenzi wa salfa kweli, inakimbilia sisteini, asidi amino yenye salfa. Urani haina habari na salfa, yake ni oksijeni. Ndiyo maana hata mahali zinapoumiza na namna zinavyoumiza hazifanani.

Kuchemsha hakutoi, mzee. Maji yanapungua kwa mvuke, urani inabaki sufuriani. Kinachotakiwa ni kupima. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha mikrogramu 30 kwa lita. Lakini usipoteze usingizi: katika unayomeza, inayopenya utumbo kwenda damuni ni kama asilimia 1 hadi 2, iliyobaki inaishia chooni.

Mwalimu_Isevya:
Dada, hapo nimekuelewa kuliko nilivyoelewa chuo. Ila bado moja. Kama bikaboneti inaibeba vizuri hadi kwenye mkojo, mbona vitabu vyote vinalia figo, figo?

Mama_Slaidi:
Hapo ndipo patamu. Kwa sehemu kubwa inatoka kweli: urani inayoyeyuka, ikiwa damuni, karibu theluthi mbili inakojolewa ndani ya siku moja. Shida ni njiani. Kwenye vijirija vya figo mkojo unaanza kuwa na asidi, bikaboneti inavunjika, na mzigo unadondoka. Uranili iliyoachwa peke yake inashika kuta za vijirija, zenye protini na fosfeti kibao, na seli zinakufa. Ndiyo maana mtu aliyeingiwa na nyingi hupewa bikaboneti ya sodiamu, mkojo usiwe na asidi. Kwa urani ya asili ni huku kushika kunakotangulia kuumiza, si mionzi. Nyingine huishia kwenye mifupa, inachukua nafasi ya kalsiamu, na hukaa miaka.

Lile la mzegamzega lichukue bure, mwalimu. Ubaoni linachoreka.

Mwalimu_Isevya:
Mrejesho wa Jumatatu. Nimechora mbeba maji ubaoni, darasa zima limecheka, wameelewa. Kijana nimemrudishia alama zake mbili mbele ya wenzake. Akashukuru, akakaa, kisha akanyoosha mkono tena: kwa kuwa mwalimu hakuitaja fetuini kwenye majibu yake, je, yeye akiitaja anapata ya tatu?