Defender 110 yenye tairi 285: usukani mzito, nianze na pampu au silinda ya kusaidia?

Jomvu110

Assalaam aleykum wanajukwaa. Gari ni Land Rover Defender 110, injini 300Tdi, pawa stering ya kiwandani, boksi la usukani la Adwest la bolti 4. Zamani lilivaa 235/85R16. Sasa lina 285/75R16 za matope kwenye rimu za inchi 8 zenye ofuseti hasi 20 (milimita, yaani rimu inasukuma tairi nje), na springi zimepandishwa inchi 2.

Likiwa limesimama, kwa mfano kwenye foleni ya feri Likoni, usukani hauzunguki mpaka uushike kwa mikono miwili na kukaza mabega. Asubuhi ni afadhali, injini ikishapata moto uzito unazidi. Kwenye mchanga, ukikata haraka kushoto na kulia, usukani unashika ghafla halafu unaachia. Pampu inalia, oili kwenye kopo ina povu na harufu ya kuungua. Kwenye lami usukani haurudi katikati wenyewe baada ya kona.

Nimeshauriwa na watu watatu: mmoja anasema pampu kubwa, wa pili boksi jingine, wa tatu silinda ya haidroliki kwenye tairodi (fimbo inayounga magurudumu mawili ya mbele). Pesa iliyopo inatosha jambo moja kwa sasa. Nianze na lipi?

FundiShimanzi

Wa aleykum salaam ndugu. Usinunue chochote bado. Ulizozitaja ni dalili za magonjwa kama manne, na kila mshauri ameona moja tu.

Shika hili kwanza: presha ndiyo nguvu, wingi wa oili kwa dakika ndio kasi. Usukani ukiwa mzito gari limesimama, ama presha haitoshi ama kuna kitu kinasugua. Ukishika ghafla unapokata haraka, oili haijafika kwa wingi unaotakiwa. Pampu kubwa inatibu hilo la pili peke yake. Kutorudi katikati mara nyingi ni kasta (mlalo wa kingpini kuelekea nyuma, ndio unaorudisha usukani), pampu haihusiki hata kidogo.

Sasa angalia tairi zako. 235/85R16 ina kimo cha milimita 806 hivi, 285/75R16 ni 834. Umeongeza kimo kwa milimita 28 tu, lakini upana umeongezeka kwa 50. Halafu rimu: za kiwandani za Defender zina ofuseti chanya, kwa hiyo hasi 20 imesogeza kati ya tairi nje kwa sentimita 4 hadi 5. Mstari wa kingpini (pini ambazo gurudumu la mbele hugeukia) ukiufuata mpaka chini unagusa ardhi mahali fulani, na umbali kutoka hapo hadi kati ya tairi ndio mkono unaopingana na usukani wako. Umeurefusha. Tairi haizunguki tena papo hapo, inaburuzwa kwenye duara. Ndiyo maana pia kila jiwe unalikanyaga linarudi mkononi.

Uzito wenyewe utafute hivi. Inua ekseli ya mbele kwa jeki, weka stendi pande zote mbili, zima injini. Fungua draglinki kutoka kwenye mkono wa boksi (draglinki ni fimbo inayotoka boksi kwenda gurudumuni; kwenye Defender iko mbele ya ekseli, tairodi iko nyuma yake). Kuanzia hapo una sehemu tatu zisizoshikana, na kila moja ipimwe peke yake.

Usukani na boksi: zungusha kwa vidole kutoka mwisho hadi mwisho. Ukisikia mzito, mwepesi, mzito, mwepesi, mara mbili kwa kila mzunguko, jointi za kolamu (shafti kati ya usukani na boksi) zimeshika kutu. Hapa pwani hilo ndilo la kwanza kulishuku. Iko jointi karibu kabisa na boksi, hewa ya chumvi na maji ya barabarani vinaipata moja kwa moja, na ikikauka usukani utakuwa mzito hata ukifunga pampu ya meli. Oili ya kupenyeza huifufua kwa muda, dawa ni kubadilisha. Kabla ya kuichomoa weka alama kwenye shafti na jointi, usije ukarudisha na usukani umekaa upande.

Kingpini: vua magurudumu, fungua tairodi, kisha vuta kila upande kwa mizani ya kulabu, ile ya kuning'iniza wanayotumia wauza samaki. Nambari za kushoto na kulia zikaribiane na mwendo uwe laini tangu mwanzo hadi mwisho. Upande mmoja ukikwama katikati, beringi au bushi ya kingpini imekwisha, au grisi ya ndani imeingia maji.

Tairodi endi na draglinki endi: shika kwa mkono, zungusha. Iliyokauka utaisikia.

Na upepo wa tairi usisahau. Ukirudi kutoka mchangani ukaendelea kutembea lami na psi 18, usilaumu boksi.

Mitambo_Kilindini

FundiShimanzi amemaliza upande wa chuma, mimi niongeze upande wa oili.

Pima presha. Geji ya hadi bar 140, pamoja na valvu ya kufunga kwa mkono, vinaingia kwenye hosi ya presha kati ya pampu na boksi: geji upande wa pampu, valvu baada yake. Mombasa hukosi pa kupata adapta na hosi, karakana zinazohudumia foklifti na mitambo ya bandari zinabana hosi za haidroliki ungali umesimama hapo. Injini ikiwa ya moto, mizunguko kama 1000 kwa dakika, peleka usukani mpaka mwisho, soma geji, uachie. Sekunde 5 zisizidi, kwa sababu pale mwisho oili yote inapita kwenye valvu ya usalama na joto hupanda vibaya. Unatafuta bar 70 au zaidi kidogo.

Ikisoma chini ya hapo, nyoosha usukani, funga ile valvu kwa sekunde 2 au 3 tu, fungua. Presha ikipanda vizuri valvu ikiwa imefungwa, pampu ni nzima na boksi linavuja kwa ndani: oili inapita kando ya sili za pistoni kurudi kwenye kopo bila kufanya kazi. Isipopanda, pampu ndiyo mgonjwa. Alichokisema mwenye gari, kwamba asubuhi ni afadhali na moto ukipanda uzito unazidi, kinanielekeza kwenye boksi. Oili ya moto ni nyepesi, hupita kwenye sili iliyochoka kwa urahisi zaidi.

Povu ni hewa. Mara nyingi huingia kwenye mpira wa kunyonya, kati ya kopo na pampu. Hautadondosha tone, kwa sababu unavuta badala ya kusukuma, kwa hiyo kutazama kwa macho hakusaidii. Badilisha mpira huo na klipu zake pamoja. Tafadhali usiweke mpira wa maji ya rejeta: ule hauvumilii oili, huvimba, hulainika, na tabaka la ndani linajikunja na kuziba njia. Nunua mpira wa oili unaostahimili joto.

Jomvu110

Shukran sana. Majibu ya vipimo ndiyo haya. Jointi ya chini ya kolamu ilikuwa imeshika, nimeweka mpya. Kingpini pande zote laini. Geji: bar 45 usukani ukiwa mwisho, valvu ikifungwa inafika 75. Mpira wa kunyonya ulikuwa na ufa chini ya klipu. Je, nikishajenga boksi upya, bado nahitaji silinda?

FundiShimanzi

Basi pampu ni nzima, iache. Boksi lijengwe upya kwa seti kamili ya sili, na shafti ya mkono wa boksi ikaguliwe pale sili inapokaa: ukucha ukinasa kwenye mikwaruzo au vishimo vya kutu, sili mpya haitadumu. Mkono wa boksi utolewe kwa pula yake. Ukigongwa kwa nyundo, pigo linaenda moja kwa moja kwenye beringi za ndani.

Kuna mafundi watakaokwambia ukaze ile skrubu ya juu ya boksi ili usukani uwe imara. Skrubu hiyo inaondoa uchezaji wa katikati, basi. Inakazwa magurudumu yakiwa yamenyooka, kidogo kidogo, na ukizidisha usukani unakuwa mzito na haurudi katikati. Tatizo lako litaongezeka.

Oili ni ATF (oili ya giaboksi otomatiki) ya Dexron II au III. Kuondoa hewa: magurudumu ya mbele yawe juu, injini imezimwa, zungusha usukani taratibu mwisho hadi mwisho mara 15 au 20 huku mwenzako akijaza kopo. Kama boksi lina nipeli ya hewa, ifungue mpaka itoke oili bila mapovu. Ndipo uwashe injini. Ukiwasha mapema, pampu inaisaga ile hewa ndani ya oili na utasubiri saa kadhaa itulie.

Kwa kasta: kiwandani ni nyuzi 3, na springi za inchi 2 zimekula sehemu kubwa. Weka mikono ya ekseli (ile inayounga ekseli na chesisi) iliyorekebishwa, au bushi zenye tundu la pembeni ikiwa bei ya mikono ni kubwa. Bushi hizo huchoka haraka, mimi napendelea mikono. Ukisharekebisha, pua ya difu inainama kidogo na jointi za propela ya mbele zinafanya kazi kwa pembe kali zaidi, kwa hiyo sikiliza mtetemo ukikaribia kilomita 80 kwa saa. Stering dampa usiinunue kwa tatizo hili: inapunguza mtikisiko, haipunguzi uzito.

Mitambo_Kilindini

Kuhusu silinda, hesabu ni hii. Silinda ya kipenyo cha milimita 38 ina eneo la sentimita mraba 11.3. Kwa bar 70 inasukuma karibu kilo 800. Upande wa kurudi, fimbo ya milimita 19 inapunguza eneo, zinabaki kama kilo 600. Nguvu hiyo inaingia moja kwa moja kwenye tairodi, boksi na chesisi vinapumzika. Kwa tairi za inchi 35 na diferensha ya mbele iliyofungwa ina maana kubwa. Kwa 285 sioni haja, boksi likiwa zima.

Mwenye kuamua kuiweka ajue inakunywa. Mwendo wa sentimita 20 unataka oili sentimita za ujazo 227, na ukitaka kukata mwisho hadi mwisho kwa sekunde 2 ni karibu lita 7 kwa dakika kwa silinda peke yake, boksi halijapata lake. Pampu ya kawaida injini ikinguruma polepole haifiki hapo. Utapata usukani wenye nguvu lakini unaoshika kila ukiharakisha. Pulei ndogo kwenye pampu inasaidia mizunguko ya chini, ila kwenye barabara kuu pampu itazunguka kupita kiasi, na joto ndilo litakaloiua.

Matundu mawili ya kupeleka oili kwenye silinda yatobolewe kwenye boksi likiwa limefunguliwa kabisa, kamwe lisiwe limefungwa garini, maana vumbi la chuma likibaki ndani linakata sili mpya siku hiyohiyo. Hosi za waya za inchi 3/8 aina ya R1 zinabeba bar 180, zinatosha. Kabla ya kuunga fimbo kwenye tairodi, washa injini magurudumu yakiwa juu, kata kulia, utazame fimbo inaelekea wapi. Ikienda kinyume na tairodi, badilishana hosi mbili. Ukiunga bila kupima, silinda na boksi vitashindana na kitakachopinda ni tairodi. Stopa za ekseli (vizuizi vya mwisho wa kukata) zifike kabla ya silinda kuishiwa mwendo. Na mfumo wa haidroliki mtupu, usio na draglinki, usipelekwe barabarani: hosi ikipasuka huna usukani.

Kitu kimoja ambacho ningekiweka kwenye gari lako hata bila silinda ni rejeta ndogo ya oili, kama zile za giaboksi otomatiki. Inaingia kwenye njia ya kurudi kati ya boksi na kopo, kamwe si upande wa presha. Ifunge mbele ya rejeta kubwa kwa raba ili isichubuke, kisha ongeza filta ndogo ya sumaku kabla ya kopo.

Galana_Mchanga

Naongeza neno kuhusu tairi kwa sababu naona limepitwa. Hizo 285 zikiisha, fikiria 255/85R16. Kimo chake ni milimita 840, yaani ni refu kuliko 285/75, na ni nyembamba kwa sentimita 3. Ukiivalisha rimu ya inchi 7 yenye ofuseti ya kiwandani unapata nafasi yote ya chini uliyoitaka na usukani unapungua uzito bila kugusa haidroliki. Kwenye mchanga laini 285 ina faida kidogo kwa upana, lakini ukishusha upepo, tairi nyembamba hurefuka chini na eneo la kukanyaga linatosha. Kabla ya kutoka dukani, kata usukani mpaka mwisho pande zote mbili, uangalie kama tairi linagusa mikono ya ekseli. Likigusa, stopa ziongezwe urefu.

Jomvu110

Nimeelewa. Boksi linaenda kujengwa, mpira na rejeta ya oili vinaingia wakati huohuo, mikono ya ekseli inafuata. FundiShimanzi, mkono wa boksi ukirudi, una alama ya kulinganisha au unakaa popote?

FundiShimanzi

Kwenye nyingi kuna meno mapana yanayolazimisha mahali pake, lakini piga alama yako kwa patasi kabla ya kutoa, kwenye shafti na kwenye mkono. Ukishafunga, tafuta katikati ya boksi kwa kuhesabu mizunguko mwisho hadi mwisho na kugawa kwa 2, nyoosha magurudumu, ndipo urekebishe urefu wa draglinki mpaka iingie bila kulazimishwa. Usukani ukikaa upande, usiuhamishe juu kwenye kolamu: boksi halitakuwa katikati yake, na upande mmoja utafika mwisho kabla ya stopa.