AppSheet na hii AI ya kutengeneza apu, inafaa stoo ya mahindi?

stoo_busia: Habari zenu wadau. Niko Busia upande wetu wa Uganda, nina stoo ya mahindi na maharagwe, tunanunua kwa wakulima kwa kilo halafu tunauzia wenye malori kwa magunia. Vijana wanaandika kwa daftari, mmoja yuko kijijini ananunua huko huko, ikifika jioni hesabu hazikutani hata kidogo. Sasa naona kwa AppSheet, ile ya Google ya kutengeneza apu bila kuprogramu, siku hizi unaandika tu maelezo ya kazi yako, Gemini, AI yao, inakutengenezea apu, na mimi sijui kuprogramu hata mstari mmoja. Inafanya kazi kweli ama ni matangazo tu? Kijijini mtandao unapotea potea, malipo mengi yanapita kwa MoMo, pesa za simu za MTN, inaunganishwa aje? Na Play Store naipelekaje?

fundi_mbale: Inafanya kazi, ila haijui biashara yako ndugu. Itakupa majedwali na fomu haraka, wewe kaa chini uyakague kabla hujaingiza kitu. Unataka matatu tofauti, wakulima, manunuzi, mauzo. Mkulima anaandikwa mara moja, manunuzi yanamrejelea yeye. Ukiona AI imerudia jina na simu ya mkulima kwa kila mstari wa manunuzi ikatae hapo hapo, baadaye utalia. Ufunguo wa kila jedwali, yaani alama ya kutambua kila mstari, uwe UNIQUEID(), fomula inayotoa alama isiyojirudia, usikubali namba ya mstari, maana siku mtu akipanga upya ile Google Sheets mistari inahama na manunuzi ya huyu yanaangukia kwa mwingine. Tena namba za simu ziwe aina ya Phone, na kule kwa Sheets safu iwe maandishi, la sivyo 0772 inageuka 772 na hutampata mtu.

Mtandao usikutishe. Inarekodi bila mtandao, inashikilia kwa simu, ukipata mtandao unasinki, yaani inapeleka yote kwa Sheets. Huyo kijana wa kijijini mkataze kutoa apu au kutoka kwa akaunti kabla hajasinki, kila kitu cha siku hiyo kitapotea.

mama_hesabu_tororo: MoMo moja kwa moja sahau kwanza. MTN wana API yao ndio, njia ya kuunganisha programu na mfumo wao, lakini hiyo ni kazi ya mtu wa kuprogramu na wewe umesema huna. Weka safu ya namba ya muamala, ile inayokuja kwa meseji, halafu kwa Valid_If, pale unapoweka sharti la safu, uiambie ikatae namba iliyoshaingia. Lakini simu mbili zikiwa nje ya mtandao zote zitaikubali hiyo namba moja, kwa hiyo jioni lazima mtu apitie. Nani ananunua na nani anapitia wasiwe mtu mmoja, hapo ndipo sente zinapotelea banange, si kwa apu.

kijana_wa_arua: Play Store ya nini kwa vijana wako wachache? Wanaweka AppSheet yenyewe kwa simu, unawatumia linki, basi. Ukitaka Play Store ni dola 25 za kufungua akaunti, na akaunti ya mtu binafsi iliyofunguliwa baada ya Novemba 2023 inadai wajaribu 12 kwa siku 14 mfululizo. Kwa AppSheet ukiwa bado unajaribu hulipi mpaka watu 10, baadaye ya chini ni dola 5 kwa kila mtumiaji kwa mwezi. Bubble, chombo kingine cha kutengeneza apu, wengine watakwambia, mimi naona ni kubwa sana kwa stoo.

stoo_busia: Asanteni sana. Swali moja tu, kilo. Kijana anaandika 87 mkulima anasema 92, nifanyeje?

fundi_mbale: Weka safu ya picha, apige picha ya mzani mkulima akiwa amesimama pale. Punguza ukubwa wa picha kwa mipangilio, zikiwa kubwa kusinki kutamaliza bando lote. Na gunia usiliandike kilo 100 kwa mazoea, lipimwe.