Kalori 770 kwa siku, nivumilie au niache?

Kiuno_Bado: Wakuu, habari za muda huu. Nina miaka 34, urefu sentimita 165, kilo 86, na kazi yangu ni ya kukaa kutwa. Nimepakua programu ya kuhesabu kalori, nikachagua kupungua kilo moja kwa wiki, ikanipa kalori 770 kwa siku! Naifuata, ila mchana kichwa kinauma na jioni nasinzia mezani. Nivumilie mwili uzoee? Wajuzi nisaidieni, kejeli sitaki.

Mzani_Haudanganyi: Acha leo hii hii, dada. Programu haijakosea hesabu, imekutii tu. Kilo moja ya mafuta ya mwili hukadiriwa kuwa na kalori 7,700. Gawa kwa siku 7: inabidi ukate 1,100 kila siku. Sasa chukua fomula ya Mifflin-St Jeor ya mwaka 1990: uzito mara 10, jumlisha urefu mara 6.25, toa umri mara 5, na kwa mwanamke toa 161. Unapata kama 1,560, ambazo mwili unazitumia hata ukilala tu. Zidisha kwa 1.2 kwa kuwa unakaa sana, inakuja 1,870. Toa 1,100, ndiyo hiyo 770 yako. Rudi kwenye mipangilio uchague nusu kilo.

Jembe_Butu: Mbona mimi nilikula 800 nikapungua fasta? Mnamtisha bure.

Nesi_Mstaafu: Mkuu, chini ya 800 ni mlo wa kusimamiwa na daktari. Kilo za mwanzo nyingi huwa ni maji, halafu misuli nayo huondoka, na kupungua kwa kasi huongeza hatari ya mawe kwenye kibofu cha nyongo. Kiwango cha chini kinachotajwa sana ni 1,200 kwa mwanamke na 1,500 kwa mwanaume, na hapo ni mwisho wa kushukia, msipafanye lengo. Dada, unanyonyesha? Kuna dawa unazotumia?

Kiuno_Bado: Sinyonyeshi. Natumia dawa ya presha.

Nesi_Mstaafu: Ungeanza na hilo! Muone daktari wako kwanza. Uzito ukishuka, presha nayo hushuka, na dozi ile ile inaweza kukuzidi. Ukiona kizunguzungu unaposimama, usikichukulie poa. Kisha protini kila mlo, na mazoezi ya kubeba uzito ili misuli ibaki.

Kiuno_Bado: Nimebadilisha, sasa inasema 1,320. Nikitembea jioni, nizile zile kalori saa inazosema nimechoma?

Mzani_Haudanganyi: Saa hizo mara nyingi huzidisha, usizifuate zote. Ukisikia njaa ya kweli panda hadi 1,400, utachelewa kidogo tu. Na ukifika kilo 80 piga hesabu upya, maana mwili ukipungua nao matumizi yake hupungua.