Adesi ninazootesha nyumbani zinanuka, naomba ushauri

Mpita Ngamiani: Ndugu zangu, ninaotesha adesi nyumbani hapa Tanga. Ninaziloweka usiku kucha, ninazitia katika chupa ya kioo, kisha ninazisuuza kila asubuhi. Siku ya pili zinachipua vizuri, lakini siku ya tatu zinatoa utelezi na harufu ya mtaro. Ninakosea wapi?

Mama Kimea: Adesi sijawahi kuotesha, ila marehemu bibi yangu aliotesha ulezi kwa ajili ya kimea cha togwa. Aliufunika kwa gunia bichi na majani ya mgomba, na hakuna mtoto aliyethubutu kuufunua kabla yeye hajaamka. Mjomba wetu mmoja alikuwa haonekani mwaka mzima, isipokuwa siku ya togwa.

Fundi Bustani: Kwa joto la Tanga, kusuuza mara moja hakutoshi. Suuza mara tatu kwa siku, kisha uiinamishe chupa hadi maji yote yatoke, kwa sababu yanayotuama chini ndiyo yanayoziozesha. Unaifunika kwa nini, na nani anazila?

Mpita Ngamiani: Ninaifunika kwa kifuniko chake, maana mende ni wengi. Suala la mlaji sioni linavyohusiana na utelezi.

Fundi Bustani: Funga kitambaa chepesi mdomoni ili zipumue. Na suala la mlaji linahusika, ndiyo maana nimeuliza.

Mpita Ngamiani: Basi niseme. Mke wangu ana ujauzito wa miezi minne, naye anazila mbichi kwa limau na kachumbari, kwa kuwa vyakula vingine vyote vinamtapisha. Nimekwisha kununua kilo 5. Hata zile zenye harufu ninaziosha kwa maji ya chumvi, na mpaka leo hazijamdhuru.

Mzee wa Busara: Zamani mwanamume alimwuliza mama yake mambo kama haya, hakuyapeleka barazani.

Fundi Bustani: Zenye harufu zitupe, na nyingine asizile mbichi. Unyevu na joto vinavyochipusha mbegu ndivyo vinavyozidisha bakteria, na chumvi haiwamalizi. Mwaka 2011 nchini Ujerumani watu zaidi ya 50 walifariki kwa bakteria waliohusishwa na mbegu za uwatu zilizooteshwa. Zichemshe mpaka zitokote, na akiendelea kutapika mpeleke kliniki.

Shemeji wa Wote: Wangu alitamani udongo na maembe mabichi. Wewe umejaaliwa mke anayetamani kilimo!

Sina Imani: Mimi hadithi hii siiamini. Juma lililopita uliandika humu kwamba umenunua kilo 5 za adesi nyekundu. Adesi nyekundu zimekobolewa na kupasuliwa, na mbegu iliyopasuliwa haioti hata uiloweke mpaka Idi. Ama adesi hazipo, ama mke hayupo.

Mpita Ngamiani: Wekundu uko ndani. Hizi ni nzima, zenye ganda la kahawia.

Fundi Bustani: Kama ganda lipo, zinaota. Weka picha.

Mpita Ngamiani: Zilizonuka nimezimwaga, na zilizochipua jana nimezitokosa kama ulivyoagiza. Mke wangu ameonja kijiko kimoja, akaisukuma sahani, na sasa anataka kujua ni akina nani ninaowasimulia habari za mimba yake.