Naomba ushauri: rimoti ya Canon 700D kwa picha za usiku ziwani

Habari zenu wakuu. Natumia Canon 700D, na zile siku za giza, mwezi usipotoka, nashuka Capri Point hapa Mwanza kupiga picha taa za wavuvi wa dagaa. Zikitapakaa juu ya maji nyuma ya Jiwe la Bismarck, hiyo ndiyo picha ninayoitafuta kwa moyo wote.

Shida ni kidole. Nikibonyeza, kamera inatikisika hata ikiwa kwenye stendi. Taima ya sekunde 2 inasaidia, lakini kwa kuacha shata wazi kamera inaishia sekunde 30. Nikitaka dakika 2 lazima niweke Bulb, na hapo kitufe kinatakiwa kibaki kimebanwa muda wote.

Nafikiria rimoti ya Canon RS-60E3 ya waya, kwa kuwa kitufe chake kinajifunga. Nyingine, RC-6, haina waya, ila kamera inapokea ishara yake kwa mbele, na mimi nasimama nyuma. Wasiwasi wangu ni upepo wa ziwa kuuchezesha ule waya.

Mliotumia za bei nafuu zenye taima ndani na pini ya milimita 2.5, zinadumu? Kwa hapa Mwanza nianzie wapi, au niagize tu Kariakoo?