Born (njia ya kukadiria jinsi chembe zinavyotawanyika) inagoma kwenye Coulomb (msukumo wa umeme kati ya chaji), halafu jibu linatoka sahihi. Imekaaje hii?

mwanafunzi_fizikia: Wakuu habari zenu. Wiki ya pili hii nahangaika na alfa (kiini cha heli) inayopiga kiini cha dhahabu, lile jaribio la Geiger na Marsden pale Manchester 1909. Nimetumia Born ya kwanza (hatua ya kwanza tu ya makadirio), nikaiweka 1/r, yaani potenshali ya Coulomb, ilivyo kwenye integrali, r ikikua haitulii, sine inapanda na kushuka tu. Nikaona watu wanazidisha na e^(-μr), inayoizima 1/r ikiwa mbali, halafu mwishoni μ inapelekwa sifuri, nikafuata, ikatoka fomula ya Rutherford ya 1911 kabisa, 1/sin⁴(θ/2), θ ni pembe ya kutawanyika. Sasa Born si ni ya nguvu dhaifu, yaani η (kipimo cha ukali wa Coulomb) ikiwa ndogo? Alfa ya MeV 5 kwa dhahabu, η = Z₁Z₂e²/ħv napata kama 22, hiyo ndogo kweli? Naombeni msaada.

Kipanga: Hiyo 22 ndo penyewe, hongera kwa kuikokotoa maana wengi wanaipita. Born hapo haina haki ya kufanya kazi, ni tabia ya 1/r peke yake. Mwaka 1928 Gordon na Mott walipata jibu kamili bila kukadiria, ukitumia koodineti za parabola Schrödinger inagawanyika vizuri na wimbi linatoka kwenye haipajometriki konfluenti (fankshoni maalumu ya hisabati). Amplitudi yake f(θ) (namba changamano, mraba wa ukubwa wake ndo unatoa mtawanyiko) ni ileile ya Born ila imebeba feizi (pembe ya wimbi), ndani yake kuna η ln sin²(θ/2), ukichukua ukubwa wake mraba feizi yote inayeyuka na hata ħ inapotea. Ndo maana Rutherford alipatia bila kwanta.

bi_maabara: Naongezea, usije ukaenda Born ya pili (hatua inayofuata ya makadirio) ukidhani unaboresha. Inabaki ln μ inayolipuka μ ikienda sifuri, Dalitz 1951 alionyesha mlipuko huo unajikusanya kwenye feizi. Chanzo ni kwamba 1/r inafika mbali mno, wimbi hata likienda wapi bado linaburuta feizi ya ln kr (k ni namba ya wimbi), halinyooki kamwe. Na ukitaka kuongeza nguvu ya nyuklia usijumlishe mawimbi ya l yote (l ni namba ya momenta ya mzunguko) kwa feizi ya Coulomb σ_l = arg Γ(l+1+iη), hautamaliza, acha Coulomb kwenye fomula yake iliyofungwa, jumlisha tofauti tu, ambayo inaisha baada ya l chache. Mimi ilinigharimu muhula mzima kulijua hili.

mwanafunzi_fizikia: Asanteni sana, nimepata mwanga. Ila hiyo feizi basi haionekani popote?

Kipanga: Inaonekana mdogo wangu, piga alfa kwenye heli. Zinafanana, huwezi kujua ipi imerudi ipi imepigwa, kwahiyo unajumlisha f(θ) na f(π-θ) kwanza ndo unapiga mraba. Feizi zinatofautiana kwa η ln tan²(θ/2), kwa nyuzi 90 (ukipima kwenye fremu ya kitovu cha masi) tofauti ni sifuri, unapata mara mbili ya hesabu ya kizamani isiyo na kwanta. Mott alitabiri, Chadwick akapima 1930 akaikuta.

mwanafunzi_fizikia: Aisee! Nachora hiyo ya heli usiku huu huu, nyuzi 20 hadi 160, kesho naweka grafu hapa mnikosoe.